Jinsi ya kulichunguza duka la nguo kwa ndani kabla hujaanza kudizaini grafiki zake

Kazi ikishaingia, ile ya "tunataka duka letu la nguo lionekane la kisasa, tutengenezee mabango ya ndani, stika za kioo, alama za saizi, kila kitu", dizaina wengi wanachofanya ni kufungua Pinterest, ule mtandao wa kukusanya picha za mawazo. Mpaka jioni wana ubao umejaa maduka meupe yenye maua kwenye vyungu na taa za njano, kesho asubuhi wanaanza kuchora. Hata mi Pinterest nafungua, ila jua unachokiangalia pale: picha nyingi za maduka mazuri zimepigwa kabla duka halijafunguliwa, na mpiga picha aliyeitwa kwa kazi hiyo. Hamna mteja, hamna boksi la mzigo mpya pembeni ya kaunta, hamna bango la punguzo, hanga zote zimeangalia upande mmoja. Grafiki zako zitaishi kwenye duka la Jumamosi jioni, watu wamejaa, nguo zimevurugwa mezani, na dada wa kaunta kashaandika kwa maka pen "NGUO IKISHAUZWA HAIRUDISHWI" akaibandika kwa selotepu juu ya logo yako. Duka hilo ndo la kwenda kulichunguza, na linahitaji miguu, daftari na uvumilivu kidogo.

Kaa kwanza na mwenye duka

Kabla hujatoka, uliza. Anamuuzia nani, nguo za aina gani, bei ya juu au ya kawaida, duka ni jipya au lipo na linaboreshwa tu, mzigo mpya unaingia kila baada ya muda gani. Haya wengi wanauliza. Swali ambalo watu wanalisahau, na mi naona ndo linaloamua kazi nzima, ni hili: nani atakuwa anabadilisha mabango? Kama ni fundi anaitwa kila msimu, sawa, unaweza kuweka vinaili (stika ya plastiki) ya kubandika ukutani. Kama ni mfanyakazi wa duka anapanda kwenye stuli asubuhi kabla wateja hawajaingia, basi unahitaji kitu cha kuchomeka kwenye fremu au cha sumaku, la sivyo baada ya miezi miwili utakuta stika ina mapovu kama ngozi iliyoungua.

Halafu gawa grafiki za duka kwenye mafungu manne uende nayo kila mahali. Kuna za kudumu (logo, majina ya sehemu, picha kubwa ya ukutani), za msimu (picha za mzigo mpya, kioo cha mbele), za bei na punguzo, na za kuelekeza (saizi, chumba cha kujaribia, kaunta, ngazi). Kila picha utakayopiga na kila nukta utakayoandika iingie kwenye fungu mojawapo. Ukikuta kitu hakiingii popote kiandike pembeni, mara nyingi ndo kitu cha maana kuliko vyote.

Kazi ya mezani, usikae nayo sana

Behance, Dezeen, ArchDaily, hizo ni tovuti za dizaini na usanifu wa majengo, ni za kupata mawazo ya umbo na vifaa, angalia nusu siku ufunge. Zenye ushahidi zaidi ni picha ambazo wateja wenyewe wanapandisha kwenye Google Maps, yani zile mbaya mbaya, zimepinda, kidole kimeingia kwenye kona. Humo unaona duka lilivyo. Ukifungua Street View (zile picha za barabarani za Google Maps) kwenye kompyuta, sehemu nyingi utapata na picha za miaka ya nyuma, kwa hiyo unaweza kuona mbele ya duka lile lile lilivyobadilika, bango gani limedumu na lipi limeng'olewa. Na zile video za watu wanaojirekodi wakijaribu nguo, we usimwangalie mtu, angalia kilichoko nyuma yake.

Kuna maduka machache makubwa ya kuyasoma kwa jicho la grafiki hata ukiwa mbali. Uniqlo wanapanga nguo zilizokunjwa kwa rangi kwenda juu ukutani mpaka nguo yenyewe inakuwa ndo picha, na mabango yao mengi kazi yake ni kueleza kitambaa kinafanya nini. Zara ndani maneno machache sana, nguvu kubwa ipo kwenye kioo cha mbele. Muji wanaeleza kwa maandishi madogo kwenye lebo. Na ukitaka kuona ukuta ukifanywa kitu cha kubadilika, tafuta picha za duka la Prada la Broadway kule New York, lile lililochorwa na OMA, ofisi ya msanifu majengo Rem Koolhaas, likafunguliwa 2001: lina ukuta mrefu uliokuwa unabandikwa karatasi mpya kila baada ya muda, na studio ya grafiki ya 2x4 ndo ilikuwa inazidizaini. Hayo ni maduka ya watu wenye hela nyingi, usiige, we jiulize tu kila mmoja kaipa grafiki kazi gani na nguo kaipa kazi gani.

Nadharia nayo ipo na haichoshi. Philip Kotler, profesa wa masoko, aliandika tangu 1973 kwamba mazingira ya duka yenyewe yanauza, na mwenzake wa fani hiyo Mary Jo Bitner mwaka 1992 akaziweka alama na maandishi kama sehemu mojawapo kati ya tatu za mazingira ya huduma, pamoja na hali ya hewa ya mahali (mwanga, sauti, harufu, joto) na mpangilio wa vitu. Ukimweleza mwenye duka kwamba bango lake haliwezi kufanya kazi peke yake huku taa ni mbovu, angalau una watu wa kuwataja.

Chagua maduka ya kwenda

Usiende kwenye washindani tu. Nenda kwa mshindani wa moja kwa moja, nenda kwa anayeuza bei ya juu zaidi, nenda kwa anayeuza bei ya chini kabisa, halafu ingia hata duka moja lisilouza nguo kabisa. Famasi kwa mfano wana vitu vidogo vingi mno na mtu anakipata anachotaka bila kuuliza, kuna la kujifunza pale kuhusu kuandika majina ya sehemu. Duka la bei ya chini usilidharau, hao ndo wanaobadilisha mabango ya bei mara nyingi kuliko wote na wana ujanja wa vifaa ambao hutaukuta kwenye gazeti la dizaini.

Duka moja liende mara mbili kwa saa tofauti, asubuhi likiwa tupu na jioni likiwa limejaa. Tupu linakuonyesha alichopanga dizaina, likijaa linakuonyesha kilichobaki.

Ruhusa na adabu

Omba ruhusa ya kupiga picha. Mweleze msimamizi kwamba wewe ni dizaina na unafanya utafiti, wengi wanakubali ukisema hutapiga picha za watu. Wakikataa rudisha simu mfukoni, angalia, toka nje, chora kwenye daftari kabla hujasahau. Kwenye vyumba vya kujaribia simu haitolewi kabisa hata kama pako tupu, na watoto usiwapige picha. Kama duka lipo ndani ya jengo kubwa la biashara, walinzi wa jengo wana sheria zao, kwa hiyo ruhusa ya muuzaji pekee saa ingine haitoshi.

Na ongea na wauzaji! Swali moja tu: "wateja wanawauliza nini kila siku?" Wakikwambia watu wanauliza saizi kubwa zipo wapi, chumba cha kujaribia kiko wapi, hii ni ya kike au ya kiume, bei hii ni ya kabla au baada ya punguzo, basi kila swali hapo ni alama ambayo haipo, au ipo ila haionekani.

Kulitembea duka

Anzia ng'ambo ya barabara au mbali kiasi ambacho mtu anaanza kuliona duka. Andika unachoweza kusoma kutoka pale, sogea, andika tena. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kwenye mabango ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi, kwa hiyo kama mteja anatokea mita 10, unahitaji herufi ya kama sentimita 8. Ukienda na hesabu hiyo kichwani utashangaa ni maandishi mangapi ya dirishani yapo pale kwa ajili ya mtu aliyegusa kioo na pua.

Kioo chenyewe kiangalie mchana na usiku. Mchana nje kuna mwanga mkali kuliko ndani, kioo kinakuwa cheusi na kinarudisha picha ya barabara, kwa hiyo stika nyeusi au ya bluu nzito inapotea kabisa, nyeupe ndo inatokeza. Usiku taa za ndani zikiwaka mambo yanageuka, ile nyeupe inaonekana kivuli cheusi tu. Piga picha mbili za kioo kile kile, mchana na usiku, umuonyeshe mwenye duka, maneno hayatahitajika.

Ukiingia mlangoni usisimame kusoma. Tembea kama mteja. Paco Underhill, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kurekodi video za watu wakiwa madukani, alionyesha kwamba hatua za kwanza baada ya mlango mtu bado anazoea mwanga na mwendo, na mabango yaliyopangwa pale wengi wanayapita bila kuyaona. Lihakiki mwenyewe, simama pembeni uangalie wanaoingia, macho yao yanatua wapi kwa mara ya kwanza. Andika umbali kutoka mlangoni mpaka pale, ndo mahali pa bango la kwanza.

Kuta sasa. Chora ukuta mmoja umeusimamisha mbele yako, kuanzia sakafu mpaka dari, halafu weka mistari: nguo zinaishia wapi, bomba la kutundikia liko wapi, rafu ya juu wapi, taa zinamulika wapi. Sehemu kubwa ya ukuta kwenye duka la nguo imezibwa na nguo, na usawa wa macho ambao vitabu vinausifia, sentimita 150 mpaka 160 hivi, duka likijaa umezibwa na mabega ya watu. Utakuta mahali palipo wazi saa zote ni mkanda ulioko juu ya stendi, kama kuanzia mita 2 kwenda juu. Hapo panafaa jina la sehemu au picha kubwa, hapafai maelezo marefu kwa sababu shingo inauma. Maelezo yakae chini, karibu na nguo, mahali mkono unapofika.

Chumba cha kujaribia kinastahili muda wako. Ni mahali pekee kwenye duka zima ambapo mtu anasimama dakika kadhaa ametulia, anaangalia upande mmoja, na ana uamuzi wa kufanya. Ajabu ni kwamba kwenye maduka mengi ndo sehemu yenye grafiki mbovu kuliko zote, karatasi ya "usizidishe nguo tano" na ndoano iliyolegea basi. Angalia kilichoandikwa kwenye mlango kwa ndani, namba za vyumba, mahali pa kuweka nguo zilizokataliwa. Na angalia ukuta ulioko nyuma ya mteja, maana huo ndo unaoonekana kwenye kioo, na maandishi yake kwenye kioo yanageuka. Kama mwenye duka anataka watu wajipige picha humo na jina la duka lionekane, hapo kuna fumbo la kutatua: uliandike jina kinyume ukutani au ulibandike kwenye kioo chenyewe. Na kama ruhusa ya kuingia hujapewa, ingia kama mteja, jaribu shati.

Karatasi za selotepu

Hapa ndo nataka ukae sana. Kila duka lina karatasi za A4 ambazo wafanyakazi wamezibandika wenyewe. Kwenye kaunta, kwenye mlango wa chumba cha kujaribia, kwenye nguzo, kwenye mdoli ("usinivue"). Madizaina wengi wakizipiga picha wanazikwepa, wanasogea pembeni ili zisiharibu. Mi nasema zipige hizo kwanza, kwa sababu kila karatasi ni mtu wa duka amechoka kujibu swali moja akaamua kujitengenezea alama. Brifu yako, yani maelezo ya kazi unayotakiwa kufanya, iko pale, imeandikwa na anayeijua kazi.

Kwa kila karatasi andika vitu vinne. Inasema nini. Iko urefu gani kutoka sakafuni. Imebandikwa juu ya nini, maana saa ingine imefunika alama rasmi iliyokuwa inasema kitu hicho hicho kwa herufi ndogo za kijivu. Na ni ya zamani kiasi gani, selotepu ikishakuwa ya njano na kona zimejikunja jua tatizo ni la kudumu, ikiwa bado inang'aa labda ni la wiki hii tu. Angalia pia maneno yaliyokozwa au kupigiwa mstari mara mbili. Mtu kaandika "MWISHO WA LINE NI HUKU" akachora mshale akaukoza mpaka karatasi ikatoboka, huyo anakwambia kwamba foleni yake inaanzia upande usioeleweka na kila siku kuna ugomvi hapo, na hilo huwezi kulitatua kwa kubadilisha fonti, linataka alama ya juu inayoonekana kabla mtu hajajipanga.

Ukikuta duka halina hata karatasi moja, uliza. Aidha wana meneja mkali au mfumo wao wa alama unafanya kazi kweli. Ukiwa ni mfumo, uchunguze mpaka kwenye skrubu.

Kupima bila kuonekana fundi

Kwenye duka la mteja wako chukua tepu au kipimo cha leza, pima kila kitu, mpaka urefu wa swichi na kamera za ulinzi, kwa sababu hizo ndo zitakuja kukaa katikati ya sura ya mwanamitindo kwenye picha yako kubwa. Kwenye maduka ya wengine huwezi kutanua tepu, basi hesabu vigae vya sakafuni: pima kimoja kwa kiganja au kwa kiatu chako, halafu hesabu vingapi kutoka mlangoni mpaka kaunta. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297 popote, kwa hiyo ikiwepo kwenye picha (na itakuwepo) unapata vipimo vya vitu vilivyo karibu nayo ukutani. Kadi ya benki nayo ni milimita 85.6 kwa 54, inasaidia kwenye vitu vidogo kama lebo za bei.

Simu usitumie ile lenzi pana, inapindisha kuta na kudanganya ukubwa. Rudi nyuma, tumia lenzi ya kawaida, ishike simu wima.

Na rangi. Simu inajirekebishia mwanga yenyewe kwa hiyo picha haikwambii ukweli, weka kikaratasi cheupe kwenye kona ya picha uje kulinganisha. Andika taa ni za aina gani kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye taa: 2700 mpaka 3000 ni njano, 4000 katikati, 6500 ni nyeupe ya kibluu. Watu wa uchapishaji wanaangalia rangi kwenye mwanga wa 5000, ndo maana ile rangi ya krimu uliyoikubali kwenye meza yao ukifika dukani kwenye taa za 3000 inakuwa njano ya mahindi. Beba sampuli uziangalie pale pale zitakapokaa.

Kuangalia watu

Tafuta kona usiyomzibia mtu. Chora pleni ya duka kwa mkono, haihitaji kuwa nzuri. Kila anayeingia mchoree mstari wa njia yake, weka X aliposimama, duara aliposoma kitu, alama ya kuuliza alipomwendea muuzaji. Karatasi moja watu wachache tu, ikijaa huoni kitu. Endelea mpaka mistari ianze kujirudia, hapo umepata njia kuu za duka na umepata na kona zilizokufa.

Usiwasahau wasindikizaji. Yule aliyeletwa, kashika mfuko na simu imeisha chaji, ndo msomaji mkubwa wa mabango kwenye duka la nguo, kwa sababu hana kingine cha kufanya. Anayenunua anaangalia nguo. Kama kuna hadithi ndefu ya brandi mwenye duka anang'ang'ania iandikwe, iweke mbele ya kiti cha wasindikizaji.

Vifaa, shika kona

Grafiki inaanza kufa kwenye kona. Angalia kona za stika zimeanza kubanduka au la, foamu bodi (lile bao jepesi la povu) imepinda, stika ya sakafuni imechubuka kiasi gani mahali pa mzunguko, kile kitambaa cha kuchapwa kinachochomekwa kwenye fremu ya alumini kina mikunjo, boksi la taa lina madoa meusi taa zilipokufa. Muulize muuzaji imewekwa lini. Umri ukijumlisha na hali ya kona unapata ushauri wa vifaa ambao muuza vifaa hatakupa. Angalia pia alama za kijani za njia ya kutokea na vifaa vya zimamoto, popote vilipo hakuna bango lako linaloruhusiwa kuvifunika.

Kurudi mezani

Printi picha zako ndogo ndogo uzimwage. Usizipange kwa duka, zipange kwa swali: saizi zinaonyeshwaje, bei zinaonyeshwaje, foleni, chumba cha kujaribia, kioo, juu ya stendi. Ukizipanga hivyo ndo unaona kwamba wote wanaweka saizi kwenye kiringi cha plastiki juu ya hanga isipokuwa mmoja aliyeichapa kwenye ukingo wa rafu, halafu unajiuliza ni wateja wa duka gani walikuwa hawaulizi.

Chini ya kila rundo andika sentensi moja yenye "kwa hiyo" katikati. "Usawa wa macho unazibwa jioni, kwa hiyo majina ya sehemu yaanzie mita 2.1." "Bei zinabadilika kila wiki na anayebadilisha ni keshia, kwa hiyo fremu za kuchomeka A5, faili moja analolijaza mwenyewe." Sentensi ikikosa "kwa hiyo" ni uchunguzi mzuri tu, iweke pembeni. Rundo la sentensi hizo ndo unampelekea mwenye duka kabla ya mchoro wowote, na mara nyingi anaongeza mbili tatu ambazo hukuziona.

Jaribu kwa karatasi

Kabla hujachapa kitu cha hela, printi maandishi kwa ukubwa wake halisi kwenye A4 za kuunganisha, nyeusi na nyeupe inatosha, ubandike kwenye duka lenyewe kwa tepu isiyoharibu rangi. Acha siku nzima yenye watu, muulize muuzaji kama yale maswali yamepungua. Ikiwa juu sana shusha, ikiwa ndogo kuza, ni karatasi tu.

Ikishakaa sawa pima urefu kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa kila alama, uandike kwenye mchoro wa ukuta, piga na picha. Fundi wa kubandika anafanyia kazi mchoro huo, asikisie. Faili za kuta nzima zitengeneze kwa skeli ya 1:10 (sentimita 1 kwenye faili ni 10 ukutani), na picha ziwe na dpi (nukta kwa inchi) 100 mpaka 150 kwenye ukubwa halisi kama zitaangaliwa kuanzia mita 2, lebo na kadi za mkononi 300. Andika skeli kwenye jina la faili lenyewe, kwa sababu barua pepe uliyoieleza humo mtu wa mashine hataiona.